Mario wa kwetu alikuwa anaruka polepole

Nilitumbukia kwenye shimo la kwanza. Lile la hatua ya 1-1 ya gemu ya Mario, ukishapita mabomba manne, lile ambalo hata mtoto wa chekechea analiruka.

Mara tatu mfululizo.

Ilikuwa Jumapili, kwa dada yangu Mbagala, tumeshakula na watu wamejilaza, mpwa wangu wa darasa la sita kakaa chini na simu ya mama yake anacheza Mario ile ya zamani kabisa, ya 1985, kaipata kwenye emuleta, programu inayoigiza mashine ya gemu. Nikamwambia lete hapa nikuonyeshe. Mimi hii gemu naijua kama njia ya kwetu. Pale Ngamiani, Tanga, mtoto akikwama nane-nne, hatua ya mwisho, alikuwa anakuja kuniita nikamalizie, na nilikuwa namaliza. Kwa hiyo nilishika ile simu bila wasiwasi wowote, nikakimbia, nikaruka, nikaanguka, nikarudia, nikaanguka.

"Anko, unachelewa kubonyeza," mpwa akasema, kwa upole kabisa, kama anamwelekeza mgeni.

Sikuchelewa. Hilo ndo nilikuwa na uhakika nalo. Nilibonyeza pale pale ambapo kidole changu kimebonyeza maelfu ya mara, ila shimo lilifika kabla.

Na kuna kitu kingine sikukisema siku ile kwa sababu sikuwa na maneno yake. Muziki ulikuwa unakimbia. Nyimbo ni ile ile, sauti ni zile zile, ila kama mtu anayekusimulia hadithi huku keshavaa viatu anataka kutoka.

Nilirudi nyumbani na hiyo kitu kichwani, ikakaa wiki, ikakaa mwezi.

Umri, au kioo cha simu?

Jibu la kwanza nililojipa ni umri. Nina miaka 36, mikono inapunguza kasi, basi. Lakini hilo jibu halikunikaa, maana mtu akizeeka anachelewa huku na kule bila mpangilio, mara anawahi mara anakosa. Mimi nilikuwa nakosa kwa kipimo kile kile kila mara, kama saa ambayo iko nyuma dakika tano. Saa ya namna hiyo haijaharibika, imesetiwa tofauti tu na ukuta wa jirani.

Nikahamia kwenye kioo cha simu. Hili lilikuwa na mantiki zaidi. Kwenye pedi ya zamani ya kuchezea gemu kitufe unakisikia, kidole kinajua kimefika chini, kwenye simu unagusa kioo kitupu na ukiteleza milimita mbili tu umeshatoka kwenye kitufe bila kujua. Sasa nikanunua pedi ya waya ya bei rahisi pale Kariakoo, nikachomeka kwenye laptopu yangu, nikaweka gemu ile ile.

Nikaanguka tena. Mara chache zaidi, nikiri, vidole vilifurahi kupata vitufe vya kweli. Ila lile shimo bado lilikuwa linawahi.

Na muziki bado unakimbia.

Nikaanza kufikiria kitu ambacho kiliniuma kidogo. Labda sikuwahi kuwa mzuri. Labda nimejitengenezea kumbukumbu ya ubingwa, kama wale wazee wanaosimulia mechi walizocheza Mkwakwani na magoli yanaongezeka kila mwaka. Niliwaza hivo usiku kadhaa, na sipendi kuwaza hivo, kwa sababu utoto wangu haukuwa na vitu vingi vya kujivunia na hicho kilikuwa kimoja.

Boksi

Mashine yetu ya gemu baba aliileta kutoka Dar mwaka 1999. Nyeupe na nyekundu, plastiki nyepesi, jina la juu la kubandika ambalo lilitoka ndani ya wiki. Kaseti ya njano imeandikwa ina gemu 9999999, ukizihesabu zilikuwa saba au nane, zingine zote ni zile zile zimepewa majina mapya au zinaanzia hatua ya mbele. Mnaijua, kila mtaa ulikuwa nayo.

Na TV ya chogo.

Sheria ya mama ilikuwa hakuna gemu siku za shule, na mama hakuhitaji kutuuliza, akifika anapitisha kiganja nyuma ya chogo. Likiwa la moto, fimbo. Kwa hiyo dada alipewa kazi yake. Yeye gemu hakuwa anacheza, alikuwa jikoni au dirishani, anaangalia njia, na akimwona mama anatokea kwa mangi kule kona anakuja mbio na kanga iliyoloweshwa tunaipitisha nyuma ya TV mpaka ipoe. Leo nikifikiria maji na umeme wa chogo nasisimka mwili. Ndo tulivyokuwa.

Sasa kuna kitu kingine nilikuwa nimekisahau kabisa, kikarudi wiki ya tatu nikiwa kwenye daladala. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mashine pia, mjomba wao baharia kaileta toka bandari sijui ipi. Ile mashine ilikuwa haina rangi. Ukiichomeka kwenye TV picha nyeusi na nyeupe, tena inapanda juu, inapanda, mpaka uzungushe kile kitufe cha nyuma ndo inatulia. Tuliwaonea huruma. TV yao ilikuwa ya rangi, taarifa ya habari ilionyesha rangi vizuri, ila gemu rangi hakuna.

Na yule kijana wao, wa umri wangu, alikuwa akija kucheza kwetu anakufa hovyo. Analalamika. "Ya kwenu imelala."

Tulimwona anatafuta sababu. Tulisema hajui tu. Miaka yote hii nimeishi nikiamini yule kijana hajui Mario.

Bunduki ya bata

Mwezi wa nane nilikuwa Tanga kwa shughuli ya ukoo, nikaingia stoo ya mama, nikalipata boksi chini ya magunia. Mashine, pedi mbili, kaseti, na ile bunduki ya plastiki ya kuwindia bata kwenye gemu. Nikaja nalo Dar. Adapta ilikuwa imekufa, fundi akaniwekea nyingine, miguu ya kaseti tukaisafisha kwa pamba na spiriti (ule mtindo wetu wa kupuliza kaseti kwa mdomo kumbe ulikuwa unapeleka unyevu na kutu, Mungu atusamehe).

Jumapili nikaipeleka kwa dada, nikachomeka kwenye flati skrini yake ya sebuleni.

Ikawaka. Nilikuwa karibu kulia, sisemi uongo.

Lakini kucheza ilikuwa taabu. Unabonyeza, Mario anafikiria, ndo anaruka. Hapo nilichelewa kweli kweli, na kila mtu angechelewa. Tukajaribu bunduki, mpwa wangu alikuwa na hamu nayo kuliko kitu chochote, akasogea mpaka mtutu unagusa kioo kabisa, akafyatua. Bata hafi. Akafyatua tena. Bata wanapaa tu na yule mbwa anaibuka kwenye nyasi kutucheka.

Nilimwona mtoto amevunjika moyo nikataka kujua kwa nini, na sababu yake ni nzuri ajabu. Ile bunduki hairushi kitu chochote. Ina jicho tu, jicho la kuona mwanga. Ukifyatua, gemu inazima picha yote iwe nyeusi kwa kitambo kidogo sana, alafu inachora kisanduku cheupe pale alipo bata, nyeusi tena kwingine kote. Bunduki ikiona giza na baada yake mwanga, kwa wakati ule ule uliotarajiwa, umepiga. Wakiwa bata wawili visanduku vinatoka kimoja baada ya kingine, gemu inajua umempiga yupi kwa kuangalia mwanga umefika zamu ya nani. Ndo maana kuielekeza kwenye balbu ya dari isingesaidia kitu, gemu inataka kuona giza kwanza.

TV ya chogo haina subira. Umeme wa picha ukiingia tu unachorwa kwenye kioo papo hapo, mstari kwa mstari. Flati skrini inapokea picha nzima kwanza, inaigeuza, inaikuza ijae kwenye kioo kikubwa, ndo inakuonyesha, na hiyo kazi inachukua muda. Kisanduku cheupe kinatokea wakati jicho la bunduki limeshaacha kuangalia.

Nikasema, haya, jibu nimelipata. TV zimechelewa, mimi sina kosa, nikalala usingizi mzuri siku hiyo.

Asubuhi nikiwa napiga mswaki likaja swali lingine. Kama ni kuchelewa kwa TV, mbona muziki unakimbia?

Kuchelewa kunaweza kumfanya Mario aruke baada ya wakati. Hakuwezi kuubadilisha wimbo mwendo wake. Wimbo ukichelewa kuanza utachelewa kumalizika vile vile, urefu wake utabaki ule ule. Na kwenye laptopu yangu, na kwenye simu ya dada, wimbo ulikuwa mfupi kuliko nilioujua.

Sekunde 32

Nikarudi kwa fundi. Yuko huku huku Rangi Tatu, ana TV za chogo mbili tatu ambazo watu wameleta na hawajarudi kuzichukua. Nikamwomba nitumie moja kwa nusu saa, akanipisha.

Wazo lilikuwa dogo. Hatua ya 1-1 inaanza na namba 400 juu kulia, inapungua. Ukimwacha Mario amesimama pale mwanzo bila kumgusa hakuna kitu kinakuja kumuua, wale uyoga hawatokei mpaka usogee. Kwa hiyo unamwacha tu mpaka muda uishe afe mwenyewe. Hakuna ujuzi hapo, hakuna kidole, hakuna umri. Saa peke yake.

Kwenye simu: dakika 2 na sekunde 40.

Kwenye mashine yetu na chogo la fundi: dakika 3 na sekunde 12.

Nikarudia. Fundi akaacha alichokuwa anakifanya, akatoa simu yake naye akapima. 3 na 12.

Nilikaa kwenye ile ndoo iliyogeuzwa pale kibandani kwake muda mrefu. Sekunde 32. Gemu ile ile, ramani ile ile, shimo lile lile, na ya kwetu ilikuwa inatembea kwa mwendo mwingine kabisa, na hakuna mtu aliyewahi kutuambia.

Sababu ni hii, nitaieleza kama nilivyoielewa. Gemu za zamani hazihesabu sekunde, zinahesabu picha. Kila TV inapochora picha mpya, gemu inapiga hatua moja, Mario anasogea kidogo, uyoga anasogea kidogo, wimbo unasogea noti. TV ndo mpiga ngoma na gemu ndo mchezaji, anafuata. Kule Japani na Marekani TV zilikuwa zinachora picha 60 kwa sekunde, mfumo wanauita NTSC. Huku kwetu, na Ulaya nyingi, mfumo ni PAL, picha 50 kwa sekunde. Hizo namba zilitokana na umeme wenyewe, TV za mwanzo ziliendana na mapigo ya umeme wa gridi, Marekani 60 na sisi 50 kama alivyotuachia Mwingereza. (Japani inashangaza, upande wa Tokyo umeme ni 50 na upande wa Osaka na Kyoto ni 60 mpaka leo, ila TV zao zote walienda na NTSC.)

Ile namba ya juu kulia inapungua moja kila zikipita picha 24. Fanya hesabu: 400 mara 24, gawanya kwa 60, ni sekunde 160. Gawanya kwa 50, ni 192. Ndo 2:40 na 3:12 hizo, bila kupungua wala kuzidi.

Nintendo wenyewe, waliotengeneza Mario, walilijua hilo. Toleo la Mario walilopeleka Ulaya mwaka 1987 walilirekebisha, wakamrefushia Mario hatua ili zile picha chache zisimcheleweshe. Lakini sisi hatukuletewa toleo la Ulaya. Kwenye kaseti yetu ya njano kulikuwa na ile ile ya kina Japani na Marekani, iliyotengenezwa kwa ngoma ya 60, ikapigiwa ngoma ya 50.

Na ile mashine ya baharia, ile isiyo na rangi? Ilikuwa NTSC. TV ya PAL ilishindwa kusoma rangi zake na picha ikawa inapanda kwa sababu ya mapigo 60. Rangi hakuna, ila mwendo ulikuwa ule wenyewe wa Japani.

Yule kijana alikuwa anasema kweli. Ya kwetu ilikuwa imelala. Yeye alikuwa anaruka mapema kwetu kama mimi ninavyochelewa kwa mpwa wangu, na tulimcheka miaka mitatu. Sijui yuko wapi siku hizi, walihama. Ningempata ningemwambia.

Jina la Kirusi

Nilipojua cha kutafuta, nikaingia kwenye setingi za emuleta ya laptopu. Kuna sehemu ya kuchagua mfumo. NTSC nilikuwa niko nayo muda wote. Nikaweka PAL.

Hapo palinivuruga tena, maana sasa mwendo ulipungua sawa, ila sauti ikashuka, ikawa nzito, kama mwimbaji mwenye mafua. Mashine yetu haikuwa hivo. Kwetu wimbo ulikuwa wa taratibu lakini sauti yake iko juu, safi. Nikaanza kujitilia shaka upya.

Chini ya PAL kulikuwa na chaguo la tatu. Dendy.

Dendy ni mashine iliyouzwa Urusi kuanzia mwisho wa 1992, kopi ya ile ya Nintendo, zimetengenezwa kule Asia kama ya kwetu. Na waliotengeneza chipu za kopi hizi kwa nchi za PAL walifanya kitu cha akili. Walijua kaseti zitakazochomekwa ni za NTSC, kwa hiyo wakaacha ubongo wa mashine ukimbie karibu sawa na ule wa Japani, mapigo milioni 1.77 kwa sekunde badala ya 1.79, wakati ile halali ya Ulaya ilishushwa mpaka 1.66. Sauti inatengenezwa na huo ubongo, ndo maana kwenye kopi haikushuka, sikio haliwezi kuona tofauti. Ila picha lazima ziwe 50, kwa sababu ya TV, kwa hiyo mwendo unapungua.

Sauti ya Tokyo, mwendo wa Tanga.

Nikabonyeza. Dendy.

Sitaweza kueleza vizuri. Wimbo ulianza na mabega yangu yakashuka. Nilikuwa peke yangu sebuleni saa tano usiku, nikakimbia, nikaruka shimo la kwanza bila kufikiri, la pili, nikashika bendera juu kabisa kileleni, nikaingia 1-2, nikapita juu ya dari kwenda kwenye mabomba ya siri, yote hayo mikono inajua yenyewe na mimi naangalia kama abiria. Nilicheza mpaka saa saba. Sikufa mara nyingi.

Kitu nilichokuwa nakitafuta wiki zote hizo, watu wasionijua, wanaoandika programu ya bure huko duniani, walikuwa wamekihifadhi na kukipa jina la Kirusi.

Kontra yetu ni ipi?

Baada ya hapo nikawa sitosheki, nikaenda kwenye Kontra, gemu ya zamani ya kupiga risasi. Hii tulikuwa tunacheza na braza, wawili wawili, tunaibiana silaha.

Kumbe Kontra ziko tatu. Ile ya Japani ya 1988 ilikuwa na chipu ya ziada ndani ya kaseti, kwa hiyo kule majani ya mnazi hatua ya kwanza yanapepea na upepo, hatua ya barafu theluji inaanguka, na kabla ya kila hatua unaonyeshwa ramani. Ya Marekani, mwaka huo huo, walivipunguza hivyo vyote, minazi imesimama wima kama imepakwa rangi ukutani. Ya Ulaya ilitoka 1990 na jina likabadilika kabisa ikawa Probotector, wale mashujaa wawili na baadhi ya maadui wakageuzwa maroboti, kwa sababu Ujerumani walikuwa wakali na gemu za watu kuuana.

Nikakaa kukumbuka. Kwetu walikuwa watu, jamaa wawili wamevua mashati, mmoja suruali ya bluu mmoja nyekundu. Braza ndo bluu siku zote. Minazi haikutikisika. Theluji haikuanguka, ningekumbuka, mtoto wa Tanga akiona theluji inaanguka kwenye TV hawezi kusahau.

Kwa hiyo ilikuwa Kontra ya Marekani, kwenye mwendo wa TV za Ulaya, ndani ya mashine ya kopi ya Japani. Hakuna kampuni iliyowahi kutoa Kontra ya namna hiyo. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaamua iwe hivyo. Ilizaliwa pale kaseti ilipokutana na umeme wetu.

Nilikuwa nadhani tulicheza kopi ya kitu halisi kilichoko mahali pengine. Sasa naona tulicheza kitu ambacho mahali pengine hakikuwepo. Warusi walikuwa nacho, na sisi, na wengine wengi wa PAL walionunua kopi, kila mmoja kwake akidhani dunia yote inacheza hivi.

Braza hakubali

Nilimtumia braza voisi ndefu WhatsApp, dakika saba, nikamwelezea yote. Akanijibu kwa voisi ya sekunde ishirini. Alisema basi tulikuwa tunacheza kibovu. Ya kweli ni ile iliyotengenezwa, 60, na kama tuliimaliza kwenye 50 basi tulipewa muda wa bure na haihesabiki.

Neno "haihesabiki" lilinikaa kooni siku nzima.

Hesabu iko upande wake, sikatai. Kitu ambacho mtoto wa Osaka alipewa sekunde moja kukikwepa, sisi tulipewa sekunde moja na pointi mbili. Na dunia iko upande wake pia. Sony walipotoa ile PlayStation ndogo ya kumbukumbu Desemba 2018, ndani kulikuwa na gemu 20, na tisa kati ya hizo zilikuwa matoleo ya PAL ya 50, Tekken 3, ile ya kupigana, ikiwemo, watu walilalamika sana, na mimi nawaelewa. Mtu wa Marekani aliyekua na Tekken ya 60 ukimpa ya 50 umempa mkono wa mtu mwingine.

Lakini nikamrudishia braza voisi nyingine. Nikamkumbusha ule ujanja wa maisha 30 kwenye Kontra, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, ambao yeye ndo alinifundisha. Ule ujanja aliuanzisha mtengenezaji wa Konami, kampuni ya Kontra, jina lake Kazuhisa Hashimoto, kwenye gemu nyingine ya 1986, Gradius, kwa sababu alipokuwa anaijaribu ilimshinda, ilikuwa ngumu mno kwake yeye aliyeitengeneza. Akajipa nafuu. Sasa mtu aliyeunda gemu anaruhusiwa nafuu na sisi tusiojua hata kama tumepewa tunafutiwa?

Na nikamuuliza lingine, ambalo sina jibu lake kamili. Kama ya 50 ni rahisi tu, mbona yule kijana wa mashine ya baharia alikuwa anakufa kwetu? Alitoka kwenye ngumu kuja kwenye rahisi, alitakiwa atufunge wote. Kungoja nako kuna ugumu wake. Mario wa kwetu alikuwa anakaa hewani muda mrefu zaidi, na ukishamrusha umemrusha, unatakiwa ujue mapema atatua wapi na uyoga atakuwa wapi wakati huo. Tulijifunza kungoja kwa kipimo hicho. Mimi nimeshindwa kwao na yeye alishindwa kwetu.

Braza ametuma dole gumba. Kwake hiyo inaweza kumaanisha chochote.

Jumapili iliyopita

Nilienda Mbagala na laptopu, waya wa HDMI na pedi mbili. Flati skrini ya dada kumbe ina setingi ya gemu ndani kule, ukiiwasha inaacha kurembaremba picha na kuchelewa kunapungua sana. Haijawa chogo, ila inachezeka.

Nikamweka mpwa kwenye Dendy bila kumwambia kitu.

Akatumbukia kwenye shimo la kwanza. Akaniangalia. Akarudia, akaruka mapema tena, akagonga ukingo.

"Anko, hii imelala."

Maneno yale yale! Miaka 25 imepita, Mbagala, mtoto ambaye hajawahi kuiona ile nyumba. Nilimweleza, nikamwonyesha namba ya juu kulia, tukapima pamoja kwa simu ya mama yake na yangu, akapenda sana ile kupima kuliko kucheza, akataka tupime kila gemu. Alafu tukacheza kwa zamu, yeye hatua moja kwenye 60 na mimi natazama, mimi hatua moja kwenye 50 na yeye anatazama. Alianza kuipatia alipofika 1-3. Alisema ukiizoea inakuwa kama unaogelea.

Muziki ulikuwa juu kidogo. Dada alikuwa jikoni anakaanga samaki, mlango umeegeshwa, hajui tunachofanya wala habari za PAL na NTSC sijawahi kumwambia hata siku moja. Jumapili zote zile mtoto anacheza Mario kwenye simu yake, wimbo uko hewani nyumba nzima, na dada hajawahi kugeuza kichwa.

Tukafika mwanzo wa 2-1, wimbo ukaanza upya, ule wa taratibu.

Sufuria jikoni ikanyamaza.

"Nyie," dada akaita, "kanga mshalowesha?"